Te Rauparaha: Chifu Aliyetunga Haka Shimoni

Utangulizi

Kila mara timu ya taifa ya raga ya New Zealand, inayojulikana kote kwa jina la All Blacks, inapoingia uwanjani kucheza mechi ya kimataifa, mchezo hungoja kwanza. Wachezaji hujipanga mkabala na wapinzani wao, wakainama kidogo, wakapiga mapaja na vifua, wakakodoa macho na kutoa ndimi nje, huku wakiitikia kwa sauti moja maneno yanayoanzishwa na kiongozi wao. Hiyo ndiyo haka. Watazamaji wengi huamini kwamba huo ni wimbo wa vita na kwamba maneno yake yamekusudiwa kumtisha adui. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, utendaji huo huelekea kufanana na majigambo, ambapo fanani hujitapa kwa ushujaa wake mbele ya hadhira.

Hata hivyo, haka iliyo mashuhuri kuliko zote, iitwayo Ka Mate, haikutungwa na mshindi aliyesimama juu ya maiti za maadui zake. Ilitungwa na mkimbizi aliyekuwa amejikunyata ndani ya shimo la viazi vitamu, akingoja kuuawa. Mkimbizi huyo alikuwa Te Rauparaha, chifu wa kabila la Ngati Toa. Maisha yake yalijaa ujasiri, hila, damu na majonzi, na ni vigumu kuielewa haka yake bila kuyafahamu maisha hayo.

Ni vyema kutaja mapema kwamba haka si aina moja tu ya utungo. Katika lugha ya Kimaori, neno hilo hujumuisha ngoma nyingi zinazoambatana na maneno. Zipo haka za kuwakaribisha wageni, zipo za mazishi, zipo za sherehe, na zipo za vita ambazo huchezwa kwa silaha mkononi. Ka Mate huchezwa mikono mitupu.

Kuzaliwa na Jina Lake

Wanahistoria hukadiria kwamba Te Rauparaha alizaliwa katika miaka ya 1760. Yasemekana alikuwa mtoto mdogo wakati nahodha Mwingereza, James Cook, alipofika New Zealand kwa mara ya kwanza mwaka wa 1769. Baba yake, Werawera, alikuwa wa Ngati Toa, kabila lililoishi Kawhia, bandari iliyoko pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kaskazini. Mama yake, Parekohatu, alitoka katika kabila la Ngati Raukawa. Nasaba hiyo ya mama ingemfaa sana baadaye.

Jina lake lenyewe lina kisa. Rauparaha ni majani ya mmea mmoja utambaao. Inasimuliwa kwamba shujaa mmoja wa Waikato, ambaye alikuwa amemuua na kumla jamaa wa mtoto huyo, alitangaza kuwa angemla na mtoto mwenyewe, akiwa amepikwa pamoja na majani hayo. Wazazi hawakulificha tishio hilo. Walilifanya kuwa jina la mwana wao. Hivyo basi, tangu utotoni Te Rauparaha aliitwa kwa jina lililomkumbusha kila aliyelisikia kwamba kuna mtu aliyekusudia kumfanya kitoweo, na kwamba bado alikuwa hai.

Alipokua hakuwa mrefu wa kimo, lakini alikuwa mkakamavu na mwepesi wa akili. Hakutoka katika tawi kuu la ukoo wa machifu, na kwa desturi za Wamaori jambo hilo lingetosha kumweka nyuma ya wengine. Kilichomwinua ni vitendo. Kisa kinachotajwa mara nyingi ni kile cha Hape, chifu wa Ngati Raukawa, ambaye alipokuwa mahututi aliuliza ni nani ambaye angeshika nafasi yake. Wanawe walinyamaza kimya. Aliyejitokeza kuitika ni Te Rauparaha, mwana wa dada wa kabila hilo. Baada ya Hape kufariki, Te Rauparaha alimwoa mjane wake, Te Akau, na tangu siku hiyo akawa na sauti miongoni mwa watu wa mamake kama aliyokuwa nayo miongoni mwa watu wa babake.

Zama za Gobori

Ngati Toa walikuwa kabila dogo lililozungukwa na majirani wenye nguvu, yaani Waikato na Ngati Maniapoto. Makabila hayo yalikuwa na udugu wa damu, lakini udugu huo haukuzuia ugomvi juu ya ardhi yenye rutuba na maji yenye samaki. Kila mauaji yalidai malipo. Wamaori huyaita malipo hayo utu. Neno hilo linafanana na utu wa Kiswahili kwa sauti tu. Kwao maana yake ni kurudisha mizani: wema hulipwa kwa wema, na damu hulipwa kwa damu. Mke wa kwanza wa Te Rauparaha, Marore, aliuawa alipokuwa amekwenda kuhudhuria matanga katika nchi ya Waikato. Mumewe naye hakukaa bila kulipiza.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mizani hiyo ilivurugwa na gobori, zilizoletwa na wafanyabiashara na wawindaji wa nyangumi kutoka Ulaya na Australia. Kabila la Ngapuhi, lililoishi kaskazini kabisa mahali merikebu zilipotia nanga, lilizipata gobori kabla ya wengine, na vita ambavyo zamani viliua makumi vikaanza kuua mamia. Mnamo mwaka wa 1819 Te Rauparaha aliungana na jeshi la Ngapuhi katika safari ndefu ya vita kuelekea kusini, hadi mlangobahari wa Cook unaovitenganisha visiwa viwili vikuu vya New Zealand. Huko waliiona merikebu ya Wazungu ikipita. Inasimuliwa kwamba Tamati Waka Nene, mmoja wa viongozi wa Ngapuhi, alimshauri ahamie sehemu hiyo na kuiteka, kwa kuwa angepata biashara ya kumpatia silaha. Te Rauparaha hakuusahau ushauri huo.

Ndani ya Shimo la Viazi

Tukio lililozaa haka lilitokea mnamo mwaka wa 1820 hivi. Te Rauparaha alikuwa safarini katikati ya Kisiwa cha Kaskazini, akiandamwa na kundi la watu wa Ngati Te Aho waliokuwa na kisasi naye. Alikimbilia kwa Te Heuheu, chifu mkuu wa eneo la ziwa Taupo, naye akamwelekeza kwa Te Wharerangi, chifu mwingine aliyekaa kando ya ziwa dogo la Rotoaira. Te Wharerangi alisitasita. Kumpokea mtu anayewindwa ni kuwakaribisha wanaomwinda, na angeweza kuangamia yeye na watu wake wote. Hatimaye alikubali. Alimwambia mgeni wake aingie katika shimo la kuhifadhia viazi vitamu, kisha akamwagiza mkewe, Te Rangikoaea, aketi juu ya mdomo wa shimo hilo.

Aibu iliyokuwamo katika maficho hayo haionekani kwa urahisi na mtu asiyezijua mila za Wamaori. Kichwa cha chifu kilikuwa kitakatifu mno. Hakikupaswa kukaribiana na chakula, na ilikuwa mwiko mkubwa mtu kupita au kukaa juu yake. Te Rauparaha alikubali kuteremka katika ghala la chakula na kukaa chini ya mwanamke. Lakini mambo hayo hayo yaliyomvunjia hadhi ndiyo yaliyomwokoa. Yasimuliwa kwamba waliomwinda walikuwa na waganga waliotumia maneno ya uganga kumtafuta. Iliaminika kwamba maumbile ya kike na chakula vilikuwa na uwezo wa kuzimeza nguvu za uganga. Wawindaji walifika, wakatafuta, na uganga wao ukapotelea juu ya shimo. Aliyekuwa chini gizani aliwasikia wakiuliza habari zake. Kila walipoelekea kumkaribia, alijihesabu kuwa amekufa, na kila walipoonekana kupotoshwa, alihisi uhai ukimrudia.

Walipokwisha kuondoka, Te Rauparaha alipanda kutoka shimoni. Mbele ya Te Wharerangi, Te Rangikoaea na watu wao, alitongoa utungo aliouwaza mle ndani. Maudhui yake ni mepesi kueleweka mtu akishajua kisa. Sehemu ya kwanza ni kupishana kwa kifo na uhai, kauli mbili zinazorudiwarudiwa kama mapigo ya moyo wa mtu asiyejua lipi litamfika. Kisha anatajwa mwanamume mwenye nywele nyingi mwilini, ambaye ameleta jua na kulifanya liangaze tena. Wengi humfasiri huyo kuwa ni Te Wharerangi mwenyewe, mwenyeji aliyempa hifadhi. Mwisho kuna hatua zinazopandwa moja baada ya nyingine, hadi mtunzi anapotoka juu na kukutana na mwanga. Kama ilivyo ada ya fasihi simulizi, wapo wajuzi wanaoshikilia kuwa baadhi ya maneno hayo yalikuwa yakitumika hata kabla ya tukio hilo. Lakini aliyeyapa maneno hayo umbo na kisa yanachobeba hadi leo ni Te Rauparaha.

Kwa hiyo, Ka Mate haimtishi mtu. Ni shukrani ya aliyeponea chupuchupu. Uhai unaosifiwa humo haukupatikana kwa nguvu za mtunzi. Alipewa na mwanamume aliyeihatarisha jamii yake, na mwanamke aliyekaa imara juu ya shimo huku wenye silaha wakimzunguka.

Kuhama Kawhia

Kurudi Kawhia hakukuwa na amani. Waikato na Ngati Maniapoto waliwazingira Ngati Toa, na ni kwa sababu baadhi ya waliowazingira walikuwa na jamaa zao ndani ya ngome ndiyo watu hao waliachiwa nafasi ya kuondoka. Mnamo mwaka wa 1821 kabila zima, wazee kwa watoto, liliiaga bandari ya mababu na kushika njia ya kusini. Njiani Te Rauparaha alirudi nyuma kuwachukua waliokuwa wamebaki, akiwemo Te Akau aliyekuwa mjamzito. Kikosi cha maadui kilipowakaribia, aliwaamuru wanawake wavae mavazi ya wanaume na kushika silaha, kisha usiku akawasha mioto mingi ili ionekane kuwa jeshi kubwa limepiga kambi. Maadui hawakuthubutu kushambulia. Kutokana na hila hiyo, safari yao hukumbukwa kwa jina linalohusu kuwasha mioto.

Waliendelea na safari mwaka wa 1822 wakiwa na washirika kutoka Taranaki. Walipofika sehemu za Horowhenua, kabila la Muaupoko liliwavamia usiku. Te Rauparaha aliponea tundu la sindano, lakini baadhi ya watoto wake waliuawa. Baada ya msiba huo aliwaandama Muaupoko kwa miaka mingi bila huruma. Mtu aliyefichwa na wageni akapona hakuwaachia wengine mahali pa kujificha.

Bwana wa Kapiti

Mnamo mwaka wa 1823 hivi Ngati Toa waliteka Kapiti, kisiwa chenye urefu wa kilomita 10 hivi kilichoko karibu na pwani. Mwaka wa 1824 muungano wa makabila mengi kutoka pande zote mbili za mlangobahari uliwavamia kwa mitumbwi mahali paitwapo Waiorua. Ngati Toa, ingawa walikuwa wachache, waliwashinda. Tangu hapo hakuna aliyeweza kuwang'oa.

Kapiti ilikuwa ngome na soko kwa wakati mmoja. Wawindaji wa nyangumi walipewa mahali pa kukaa. Wafanyabiashara walinunua nyuzi za harakeke, mmea wenye majani marefu ambao nyuzi zake zilifaa kusokotwa kamba, nao wakalipa kwa gobori na baruti. Kazi ya kuzitayarisha nyuzi hizo ilikuwa ngumu na iliwaangukia zaidi wanawake na mateka wa vita. Te Pehi Kupe, chifu mwenzake, alithubutu hata kujitupa ndani ya merikebu iliyokuwa ikipita mwaka wa 1824, akafika Uingereza, na zawadi alizopewa akaja kuzibadilisha kwa bunduki njiani alipokuwa akirudi. Watu wa Ngati Raukawa, jamaa za mama yake Te Rauparaha, nao walihamia huko na kukaa sehemu za Otaki.

Baadaye macho yake yalielekea Kisiwa cha Kusini, nchi ya Ngai Tahu. Katika mojawapo ya safari hizo, Te Pehi Kupe na machifu wengine wa Ngati Toa waliuawa Kaiapoi. Malipo yaliyofuata yamebaki kuwa doa jeusi zaidi katika maisha ya Te Rauparaha. Mwaka wa 1830 alipatana na nahodha Mwingereza, John Stewart, kwamba angempa shehena ya nyuzi ikiwa nahodha huyo angembeba pamoja na askari wake katika merikebu Elizabeth. Walipotia nanga karibu na Akaroa, mashujaa walijificha ndani ya merikebu, na Tamaiharanui, chifu mkuu wa Ngai Tahu, akashawishiwa apande kufanya biashara. Alikamatwa yeye, mkewe na binti yao, Nga Roimata. Kijiji chao cha Takapuneke kikateketezwa na watu wake wengi wakauawa. Wakiwa safarini kuelekea Kapiti, wazazi hao walimnyonga binti yao kwa mikono yao wenyewe ili asiishi utumwani. Tamaiharanui aliuawa Kapiti, mikononi mwa wafiwa wa Te Pehi.

Habari hizo ziliishtua serikali ya Uingereza, maana merikebu ya raia wake ilikuwa imegeuzwa chombo cha mauaji. Stewart hakuwahi kutiwa hatiani. Hata hivyo, kashfa hiyo ilichangia uamuzi wa kumtuma James Busby kuwa mwakilishi wa Uingereza nchini New Zealand mwaka wa 1833. Te Rauparaha naye alirudi kusini, akaizingira na kuiangusha ngome ya Kaiapoi, kisha ile ya Onawe mwaka wa 1832. Ngai Tahu hawakukata tamaa. Walijipanga upya, na wakati mmoja nusura wamnase mahali paitwapo Kapara-te-hau. Kwa mara nyingine aliponyoka.

Mkataba, Ardhi na Umwagaji Damu wa Wairau

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1830 upepo uligeuka. Mwanawe Te Rauparaha, Tamihana, pamoja na ndugu yake Matene Te Whiwhi, walisafiri hadi kaskazini mwaka wa 1839 kuomba mmishenari, wakarudi na Octavius Hadfield. Mateka wengi wa Ngai Tahu waliachiliwa kurudi kwao. Mwaka wa 1843 Tamihana alivuka kwenda Kisiwa cha Kusini kuwahubiria watu wale wale ambao babake aliwaangamizia jamaa.

Wakati huo huo kulizuka adui wa aina nyingine. Kampuni ya New Zealand, iliyoanzishwa London kwa ajili ya kuwaletea walowezi ardhi, ilidai mwaka wa 1839 kwamba ilikuwa imenunua ekari milioni 20 pande zote za mlangobahari kutoka kwa Te Rauparaha na machifu wenzake. Yeye alishikilia kwamba alichotoa ni sehemu mbili tu, Whakatu na Taitapu. Tarehe 14 Mei 1840 alitia alama yake katika Mkataba wa Waitangi, uliowaahidi Wamaori ulinzi wa ardhi zao, na mwezi wa Juni akaitia tena mbele ya afisa mwingine wa Uingereza.

Ahadi hiyo ilijaribiwa punde. Mwaka wa 1843 Kampuni ilituma wapimaji katika bonde la Wairau, ambalo Ngati Toa hawakukubali kuwa wameliuza. Te Rauparaha na mpwa wake, Te Rangihaeata, waliviondoa kwa uangalifu vyombo vya wapimaji, wakawarudishia, kisha wakavichoma vibanda vyao. Hoja yao ilikuwa wazi: vyombo vilikuwa mali ya Wazungu, lakini miti na nyasi zilizojengea vibanda zilitoka katika ardhi ya Ngati Toa. Hakimu alitoa hati ya kuwakamata kwa kosa la uchomaji, na tarehe 17 Juni 1843 kundi la walowezi wenye silaha likafika na pingu. Te Rauparaha alikataa kufungwa. Katika vurumai risasi ilifyatuka, mapigano yakaanza, na Te Rongo, mke wa Te Rangihaeata, akauawa. Walowezi walipojisalimisha, Te Rangihaeata alidai malipo ya damu ya mkewe, na mateka wakauawa. Wazungu 22 walikufa siku hiyo, akiwemo kiongozi wao Arthur Wakefield. Mwaka uliofuata Gavana FitzRoy aliamua kwamba walowezi ndio waliokosea kwa kuivamia ardhi isiyokuwa yao. Walowezi hawakumsamehe gavana huyo, wala hawakumsamehe Te Rauparaha.

Kifungo na Mwisho wa Maisha

Gavana aliyefuata, George Grey, alikuwa na msimamo mwingine. Vita vilipozuka mwaka wa 1846 katika bonde la Hutt, alimshuku Te Rauparaha kuwa alimsaidia Te Rangihaeata kwa siri. Alfajiri ya tarehe 23 Julai 1846 askari walikizingira kijiji chake karibu na bandari ya Porirua na kumkamata mzee huyo usingizini. Hakushtakiwa wala hakufikishwa mahakamani. Alizuiliwa kwa miezi mingi ndani ya manowari Calliope, kisha akahamishiwa Auckland. Akiwa kifungoni, mwaka wa 1847, ardhi ya Wairau na ya Porirua iliuzwa kwa serikali na machifu vijana waliobaki. Mtu aliyeponyoka mitego ya maadui wengi hakuuponyoka mtego huu.

Aliachiliwa kurudi Otaki mnamo Januari 1848. Alikuwa mzee wa miaka themanini hivi, na heshima yake ilikuwa imetikiswa, kwa kuwa chifu aliyeshikwa mateka alihesabiwa kuwa amepoteza sehemu ya nafsi yake. Siku zake za mwisho alihudhuria ibada na kuunga mkono ujenzi wa kanisa la Rangiatea, lililojengwa na Wamaori kwa magogo makubwa ya mti uitwao totara. Hakuliona likikamilika. Alifariki tarehe 27 Novemba 1849 na kuzikwa karibu na kanisa hilo, ingawa masimulizi ya Ngati Toa hushikilia kwamba mwili wake ulivushwa usiku kupelekwa Kapiti. Ikiwa ni kweli, basi ndiko kuponyoka kwake kwa mwisho.

Haka Baada ya Mtunzi

Mwili ulipokwisha kufa, utungo uliendelea kuishi. Ka Mate ilichezwa na All Blacks walipozuru Uingereza mwaka wa 1905, na polepole ikawa kitambulisho cha taifa. Lakini ilipokuwa ikipata umaarufu ilipoteza maana. Kwa miaka mingi ilichezwa zaidi katika mechi za ugenini, mara nyingi na wachezaji wasiojua maneno wanayoyasema wala mienendo inayoambatana nayo. Ni mwaka wa 1987 ndipo nahodha Wayne Shelford na mwenzake Hika Reid, wote Wamaori, waliposisitiza kwamba haka ichezwe ipasavyo au isichezwe kabisa. Mwaka wa 2005 timu hiyo ilianza pia kutumia haka nyingine, Kapa o Pango, iliyotungwa na Derek Lardelli mahususi kwa ajili yake. Ilichezwa kwa mara ya kwanza mjini Dunedin, katika nchi ya jadi ya Ngai Tahu.

Fauka ya hayo, maneno na mienendo ya Ka Mate ilianza kutumiwa na wafanyabiashara wa nchi nyingi kuuzia bidhaa. Ngati Toa walipigania haki yao kwa miaka mingi. Hatimaye, mwaka wa 2014, Bunge la New Zealand lilipitisha sheria inayodai kwamba yeyote anayeitumia Ka Mate kibiashara amtaje Te Rauparaha kuwa mtunzi wake na chifu wa Ngati Toa. Sheria hiyo haikuweka malipo. Kilichodaiwa ni jina. Mwaka huo huo sheria nyingine ilimaliza madai ya Ngati Toa dhidi ya serikali, na serikali ikakiri na kuomba radhi kwa kumzuilia chifu huyo bila kumfikisha mahakamani.

Hitimisho

Jina la Te Rauparaha halisikiki kwa namna moja kila mahali. Kwa Ngati Toa ni jina la mzee aliyeliongoza kabila dogo kutoka katika maangamizi hadi katika nchi mpya. Kwa baadhi ya wazawa wa Ngai Tahu ni jina la mtu aliyejificha ndani ya merikebu huku chifu wao akidanganywa, na kushangilia haka yake si jambo jepesi. Hisia zote mbili zina ukweli, na kumtaja mtunzi ni kuzibeba zote mbili.

Utungo wenyewe unabaki pale pale ulipozaliwa. Humo hamna adui aliyeshindwa. Mna mtu aliyekaribia kufa, mwenyeji aliyemhurumia, hatua za kupanda, na jua. Te Rauparaha aliishi karibu miaka 30 baada ya kutoka shimoni, na mara nyingi katika miaka hiyo alishindwa kuwapa wengine kile alichopewa na Te Wharerangi na Te Rangikoaea. Hata hivyo, haka aliyoiacha ndiyo inayowakumbusha watu kwamba alipewa. Viwanja vizima vya raga vinaponguruma kwa maneno yake, wanaoimbiwa sifa si wapiganaji. Ni mume na mke waliokaa kando ya ziwa Rotoaira, wakamficha mgeni, wakakaa kimya mpaka hatari ikapita.